Jani Lililotoka Zima

Ukitoka Sigor kuelekea mjini Bomet, nchi hubadilika polepole. Sigor iko Chepalungu, upande wa chini wa kaunti, ambako jua lina makali yake na watu hutegemea mahindi na ng'ombe wa maziwa. Kadiri barabara inavyopanda ndivyo hewa inavyopoa, na kwenye miinuko ya Kapkoros vilima vimefunikwa na kijani kimoja kilichosawazishwa na mikono ya wachumaji. Chai inaanza kutawala hapo na kuendelea hadi Litein, hadi Kericho na ng'ambo yake. Kwenye kituo cha kununulia majani, mkulima hutua mzigo wake, majani yakiwa bado na unyevu wa asubuhi. Karani huyapekua kwa vidole kuhakikisha ni majani mawili na chipukizi, hutundika gunia kwenye mizani, hutaja kilo, huingiza nambari ya mkulima, na mashine ndogo hutema karatasi nyembamba ya risiti. Mwenye majani huikunja na kuifunga kwenye ncha ya leso. Kisha gunia hupakiwa kwenye lori pamoja na la jirani, na la jirani wa jirani, na tangu dakika hiyo hakuna mtu duniani awezaye kusema jani hili ni la shamba la nani.

Kiwandani majani hunyaushwa, husagwa, huachwa yageuke rangi, hukaushwa na kuchekechwa. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi huzaa kilo moja ya chai. Anayeinywa Mombasa au Karachi hawezi kuonja ndani yake mkono wa mwanamke fulani wa Bomet. Lakini nambari iliyoingizwa pale kituoni haikusagwa pamoja na majani. Imebaki vitabuni, na mwaka wa hesabu ukifungwa, kila mkulima mdogo chini ya KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 likiwa halmashauri ya serikali, hulipwa bonasi kwa kadiri ya kilo zake. Wakulima wamelalamikia kiasi cha bonasi hiyo mwaka baada ya mwaka, na wana haki ya kulalamika. Hata hivyo, wanachogombea ni kiasi. Kwamba wanadai, hilo halibishaniwi. Jani limepotea, deni halikupotea.

Mfano huo wa kiwanda unafaa kukaa nao kwa muda, kwa sababu wenye kampuni za akili unde hutoa hoja inayofanana nao kwa nusu tu. Wanasema vitabu, magazeti na mashairi waliyolisha mashine zao yamesagwa na kuchanganywa hata hayapo tena. Hawajapotoka kabisa. Modeli ya lugha hufunzwa kwa kukisia: huoneshwa maandishi, hufichwa neno linalofuata, hulibahatisha, husahihishwa, kisha hurudia tena mabilioni ya mara. Kinachobaki ndani si rafu ya vitabu bali ni tarakimu, mabilioni yake, na hakuna anayeweza kunyoosha kidole na kusema hii ni sura ya tatu ya riwaya ya fulani. Mbona mnadai, wanauliza, ikiwa majani yenu yameshakuwa chai?

Tatizo ni kwamba jani hutoka zima.

Mwishoni mwa mwaka 2020, watafiti wakiongozwa na Nicholas Carlini wa Google waliionesha dunia jambo hilo kwa modeli ya GPT-2. Waliiacha iandike na kuandika, wakachuja ilichotoa, wakapata zaidi ya vipande 600 vilivyonakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye maandishi iliyofunzwa: habari za magazeti, msimbo wa kompyuta, hata majina na nambari za simu za watu. Miaka mitatu baadaye, kundi lenye baadhi ya watafiti walewale liliiagiza ChatGPT irudie neno moja bila kukoma. Mashine ikarudia, ikarudia, kisha ikapotoka na kuanza kumwaga maandishi ya watu wengine kama yalivyo. Kwa gharama ya dola 200 hivi walikusanya mifano zaidi ya 10,000. Tafiti nyingine zimeeleza ni wakati gani modeli hukariri zaidi: inapokuwa kubwa, inapodokezwa kwa maneno mengi zaidi ya kifungu chenyewe, na kifungu hicho kinapokuwa kimerudiwa mara nyingi katika mafunzo. Hilo la mwisho, la kurudiwa, ndilo linalowagusa zaidi watu wa Sigor, ingawa hakuna aliyelisema akiwafikiria wao.

Si mara ya kwanza mashine yenye kumbukumbu kufika katika nchi hii ya chai. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini akizunguka bara kurekodi muziki, alisimamisha mitambo yake Kapkatet, katika Wilaya ya Kericho ya wakati huo. Wasichana wa Kipsigis, Chemutoi Ketienya akiwaongoza, walimwimbia wimbo ambao umeendelea kusafiri hadi leo: Chemirocha. Kwa maelezo ya Tracey, jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika nyanda hizi kwa njia ya Wazungu. Sauti ya mtu asiyeonekana, ikitoka kwenye sanduku, iliwaingia watu masikioni, wakaipa jina la kwao, na Tracey akaandika kwamba walimwona kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Wanaume nao walimwimba kwa chepkong'o, ala ya nyuzi ya Kipsigis, akiwamo Cheriyot arap Kuri.

Ndani ya kisa hicho kimoja mna aina mbili za kukumbuka. Wasichana wa Kapkatet walimsikia Rodgers wakamgeuza. Hakuna mstari wala tuni yake waliyonakili. Alichowaachia kilikuwa cheche, moto ukawa wao. Hakuna mahakama duniani ingewatoza hata senti, na hakuna mtu mwenye moyo wa sanaa angetaka watozwe. Mashine ya Tracey, kwa upande wake, haikugeuza kitu. Ilishika pumzi, kikohozi, kicheko cha pembeni, kila kitu kama kilivyotoka, ikavipeleka maelfu ya kilomita kusini, navyo vikawa santuri katika mkusanyiko mkubwa ambao leo unatunzwa na Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Ugumu wa modeli za lugha ni kwamba hufanya yote mawili katika pumzi moja. Mara hugeuza kama wasichana, mara hunasa kama kinasa sauti, na anayeitumia hana njia ya kujua sasa anasoma kipi.

Tracey, tumpe haki yake, aliandika majina. Kwa sababu yaliandikwa, mwaka 2014 mradi wa Singing Wells, ambamo kituo cha Ketebul Music cha Nairobi kinashirikiana na Abubilla Music ya Uingereza, uliweza kufunga safari na watu wa maktaba ile kurudisha nyimbo kwa Wakipsigis. Walimkuta Cheriyot arap Kuri akiwa hai, mzee wa zaidi ya miaka 80, wakamkabidhi sauti yake ya ujanani. Ilichukua miaka 64. Kwa sheria ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka 2001, rekodi ya sauti hulindwa miaka 50, kwa hiyo kwa hesabu hiyo ulinzi ulikuwa umekwisha mzee akiwa bado anapumua. Lakini jina lilikuwapo, na kwa jina hilo nyumba ilipatikana.

Ni rahisi mtu kudhani kwamba kukariri ndiko dhambi yenyewe. Wapi! Katika nyumba za Kipsigis watoto walifunzwa tangoch, vitendawili vya jioni, kwa kukariri hasa, na aliyevishika vingi bila kukosea alisifiwa. Pwani nako tenzi ndefu zilitembea kwa vifua kabla ya kutembea kwa karatasi. Lakini anayekariri katika jamii yake husimama mbele ya watu wanaomjua. Akiimba wimbo wa bibi fulani, kuna wa kumuuliza kaupata wapi, na kuna wa kumwambia hapa umepotosha. Deni linakaa hadharani. Washairi wa Kiswahili waliongeza hadhari nyingine: waliliweka jina ndani ya utenzi wenyewe, karibu na mwisho, mara nyingi pamoja na tarehe. Mwana Kupona, alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alijitambulisha humo humo, na ndiyo maana karne moja na nusu baadaye hakuna anayebishana ni wa nani. Aliyenakili alilazimika kumnakili na mwenyewe. Modeli hailazimiki. Inaweza kukupa beti tatu za katikati, safi, bila ubeti wa jina, na msomaji akadhani mashine imejaliwa kipaji.

Afrika Mashariki tunajua vizuri kinachotokea wimbo ukibaki vinywani na jina likiyumba. Malaika umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Boney M., umeimbwa kwenye harusi na hoteli kutoka Kampala hadi Dar es Salaam. Fadhili William aliurekodi Kenya na kutambuliwa na wengi kuwa mtunzi. Adam Salim alidai aliutunga yeye, miaka ya arobaini. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi haukuzikwa naye. Watu wote waliukumbuka wimbo neno kwa neno, na kumbukumbu zote hizo zikijumlishwa hazikutosha kuamua nani alipwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mahakama za Ulaya zimeanza kulikabili swali la kukariri, na zimegawanyika kwa namna inayostaajabisha. Tarehe 4 Novemba 2025, Mahakama Kuu ya London, katika shauri la Getty Images dhidi ya Stability AI lililohusu picha, ilisema modeli isiyohifadhi ndani yake nakala za kazi si nakala haramu. Wiki moja baadaye, tarehe 11, mahakama ya Munich iliamua vingine katika shauri ambalo GEMA, chama cha Ujerumani cha kukusanya mirabaha ya muziki, kiliishtaki OpenAI, wenye ChatGPT, kwa ajili ya mashairi ya nyimbo tisa. Majaji wa Munich walisema ikiwa maneno ya wimbo yanaweza kutolewa tena kutoka kwenye modeli kwa ombi jepesi, basi yamo ndani yake, na kuwamo kwake ni kunakili, haidhuru yamekaa kwa umbo la tarakimu. Kesi zilihusu kazi tofauti na vifungu tofauti, wala wa Munich si uamuzi wa ngazi ya mwisho. Hata hivyo wa Munich wamelitazama jani lililotoka zima wakakataa kuambiwa kwamba ni chai.

Huko Marekani mambo yalikwenda kwa njia ya fedha. Mwezi Juni 2025 Jaji William Alsup wa California alisema kufunza modeli kwa vitabu vilivyonunuliwa kunaweza kuwa matumizi halali, kwa kuwa hubadilisha kazi kuwa kitu kingine. Kupakua vitabu vya wizi na kuviweka maktaba, hapana. Kampuni iliyoshtakiwa, Anthropic, ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu, kwa karibu vitabu nusu milioni. Jumla hiyo inatia kizunguzungu. Kinachouma zaidi kwa mtu wa huku ni masharti: kitabu kilihesabiwa tu kama kina nambari ya kimataifa ya vitabu au ya duka la Amazon, na kama kilisajiliwa kwa wakati katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Mchapishaji wa Nairobi mwenye hadithi za Kiswahili kwa shule za msingi ana nambari ya kitabu, lakini ni wangapi waliowahi kufikiria kwenda kusajili Washington? Kitabu chake kikikutwa katika rundo lile lile la wizi, bila usajili huo hakihesabiwi. Na wimbo wa chepkong'o hauna hata nambari ya kuanzia. Haki hapo imemfuata mwenye risiti, na risiti yenyewe inatolewa kwenye kituo cha mbali sana na Kapkoros.

Tulirudie sasa lile jambo la kurudiwa. Wakalenjin wote kwa pamoja, Wakipsigis wakiwamo, ni zaidi ya milioni 6 kwa sensa ya mwaka 2019, si watu wachache, ila maandishi yao kwenye mtandao ni machache mno: Biblia, vijitabu vya dini, mashairi ya nyimbo, habari kidogo. Wanaofunza modeli za lugha nyingi wana desturi inayojulikana wazi: lugha yenye maandishi kidogo huongezwa uzito, ukurasa wake ukaoneshwa kwa mashine mara nyingi zaidi, ili isizamishwe na Kiingereza. Nia ni njema. Matokeo yake ni kwamba ukurasa huo mmoja hurudiwa na kurudiwa, na tumeshaona kurudiwa huzaa nini. Riwaya moja ya Kiingereza kati ya mamilioni ina nafasi nzuri ya kusagwa kweli. Hadithi moja ya Kikipsigis iliyowekwa mtandaoni na mwalimu mstaafu ina nafasi kubwa zaidi ya kushikwa nzima. Lugha ndogo, basi, ndiyo iliyo katika hatari kubwa ya kunakiliwa, na ndiyo yenye wasomaji wachache wa kugundua kwamba imenakiliwa. Mwandishi wa New York ana gazeti lenye mawakili, na The New York Times lilikwenda mahakamani mwezi Desemba 2023 likiwa na kurasa za mifano ya makala zake zilizotapikwa na ChatGPT. Mwalimu mstaafu wa Chepalungu ana nini?

Wapo wenye nia njema kabisa walioteleza hapo. Mwaka 2019 kulichapishwa mkusanyiko ulioitwa JW300, maandishi ya lugha zaidi ya 300 yaliyotolewa kwenye tovuti ya Mashahidi wa Yehova. Watafiti wa Kiafrika waliukimbilia kwa furaha, kwa kuwa kwa lugha nyingi za bara hili haukuwapo mwingine wa kiasi hicho, na mashine nyingi za kwanza za kutafsiri lugha zetu zilijengwa juu yake. Baadaye ikabainika kwamba masharti ya tovuti hayakuruhusu matumizi hayo, ruhusa ikaombwa, ikakosekana, na mkusanyiko ukaondolewa. Watu waliokuwa wakiupigania uhai wa lugha zao walijikuta wamesimama juu ya kiwanja cha mtu.

Jibu haliwezi kuwa kufunga mlango. Mkulima wa Sigor ambaye ng'ombe wake amekataa kula usiku ana haja ya kuuliza simu yake kwa Kikipsigis na kujibiwa kwa Kikipsigis kinachoeleweka, na mtoto wake ana haki ya kukuta lugha ya nyanya yake ndani ya vyombo vya karne hii. Tayari watu wa hapa hapa wamejitwika kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, katika mradi wa African Next Voices, wamerekodi sauti za wasemaji wa Kikalenjin, Dholuo, Kikuyu, Kimaasai na Kisomali, kwa wasemaji wenyewe kuombwa na kukubali. Njia hiyo ni ya polepole na ya gharama zaidi kuliko kuzoa mtandaoni. Ni njia ya karani anayepima kabla ya kupakia, na ndiyo inayostahili kuungwa mkono na kudaiwa kutoka kwa kila kampuni, hata zile zenye haraka.

Sheria nayo, safari hii, haiko nyuma sana. Katiba ya 2010, ibara ya 11, inaliagiza Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha kwa matumizi ya tamaduni zao. Mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, na yenyewe haikuweka miaka 50 wala kikomo kingine cha miaka. Ulinzi unadumu maadamu masharti yake yanatimia. Kazi ya kukusanya na kusajili ikakabidhiwa serikali za kaunti, na hifadhidata ya taifa ya maarifa hayo ikawekwa chini ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Maana yake ni kwamba Bomet na Kericho hazihitaji kumsubiri jaji wa Munich. Zinahitaji maafisa wa utamaduni wenye bajeti, vinasa sauti, na wazee wa kuwaketisha chini na kuwauliza: wimbo huu ni wa nani, tangoch hii hutegwa katika ukoo gani, nani aulizwe kabla haujatolewa nje, na yakitolewa malipo nani ayapokee.

Na mpangilio wa kazi hiyo una maana kubwa. Risiti hutolewa kabla gunia halijamwagwa kwenye lori, kamwe si baada. Maandishi yakishaingia ndani ya modeli, kuyang'oa ni jambo ambalo hata walioiunda hawajaliweza vizuri. Njia ya uhakika ni kuifunza upya tangu mwanzo bila maandishi hayo, kwa gharama ya mamilioni ya dola, na hakuna kampuni itakayofanya hivyo kwa ajili ya wimbo mmoja wa Chepalungu ambao jina la mwenyewe halimo katika daftari lolote.